Kichuguu na Fumbo la Mjenzi Wake

Kichuguu cha mchwa wa jenasi ya Macrotermes huweza kuzidi kimo cha mita 5, ilhali vibarua wanaokijenga ni wadudu vipofu. Ndani yake mna mifereji ya hewa, vyumba vya makinda, bustani za kuvu na chumba cha malkia. Swali la nani anayeongoza ujenzi huo limewashughulisha wataalamu tangu karne ya 18.

Jibu la kwanza lilifuata sura ya dola za Ulaya. Mwaka 1781 Mwingereza Henry Smeathman, aliyechunguza vichuguu nchini Sierra Leone, alichapisha maelezo yake kupitia Royal Society ya London. Humo mlikuwa na mfalme, malkia, askari na vibarua. Majina hayo yamedumu, ingawa malkia hatawali: kazi yake kuu ni kutaga mayai.

Eugène Marais wa Afrika Kusini alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1934 alieleza kwamba kichuguu kizima ni mnyama mmoja: malkia ndiye ubongo, vibarua na askari ni chembe za damu. Fumbo likahama tu, kutoka kiti cha enzi hadi kichwani.

Mwaka 1959 Mfaransa Pierre-Paul Grassé aliugeukia udongo wenyewe. Mwanzoni mchwa huweka vidonge vya udongo ovyo. Panapotokea rundo dogo, wengine huvutwa kuongeza pale pale. Rundo huwa nguzo, na nguzo mbili jirani huinamiana hadi zikafanya tao. Kazi iliyokwisha kufanyika ndiyo inayoagiza kazi ifuatayo. Grassé aliuita utaratibu huo stigmeji. Mwaka 1977 Mbelgiji Jean-Louis Deneubourg alionyesha kwa hesabu kwamba harufu inayotoka kwenye vidonge vibichi inatosha kuzaa nguzo zilizoachana kwa nafasi zinazolingana.

Hivyo ramani ya kichuguu haimo kichwani mwa mchwa yeyote. Huzaliwa kati ya mdudu, mwenzake na udongo. Ubongo wa binadamu nao una mabilioni ya seli, na hakuna seli moja inayofikiri peke yake. Hapo ndipo ulinganisho unapokomea: kichuguu kinathibitisha kwamba mpangilio unaweza kutokea pasipo mpangaji, lakini mpangilio peke yake si ushahidi wa ufahamu.