Il Nibbio: Filamu ya ofisa aliyeuawa kwenye kizuizi cha Baghdad

FILAMU ya Kiitalia Il Nibbio, iliyoanza kuonyeshwa nchini Italia Machi 2025, imepewa jina la ndege ambaye sisi twamwita mwewe. Hilo ndilo lililokuwa jina la siri la Nicola Calipari, ofisa wa idara ya ujasusi wa kijeshi ya Italia, wakati huo ikiitwa SISMI, aliyeuawa kwa risasi za askari wa Marekani mjini Baghdad usiku wa Machi 4, 2005.

Filamu imeongozwa na Alessandro Tonda. Claudio Santamaria anaigiza kama Calipari, naye Sonia Bergamasco ni Giuliana Sgrena, mwandishi wa gazeti la Il Manifesto aliyetekwa nyara mjini humo Februari 4 mwaka huo. Kisa kinafuata siku 28 za kutafuta njia ya kumkomboa, kazi ambayo Calipari hakuwa mgeni nayo. Mwaka 2004 alishiriki kuwaokoa wahudumu wawili wa misaada wa Kiitalia.

Sgrena aliachiwa jioni. Calipari alikaa naye kiti cha nyuma, gari likaelekea uwanja wa ndege. Njiani kulikuwa na kizuizi cha muda, kilichowekwa kwa ajili ya msafara wa Balozi wa Marekani, John Negroponte. Askari walifyatua risasi. Calipari alimkinga Sgrena kwa mwili wake, akafa papo hapo. Sgrena na dereva walijeruhiwa.

Hapo ndipo simulizi zilipogawanyika. Marekani ilisema gari lilikuwa katika mwendo wa takriban kilomita 80 kwa saa na halikutii ishara za onyo. Waitalia walisema mwendo haukuzidi kilomita 50 na kwamba hawakuonywa. Uchunguzi wa Marekani uliwasafisha askari wake. Italia ilikataa kuutia saini, ikatoa ripoti yake Mei 2005: haikuona ushahidi wa kukusudia kuua, bali ilitaja woga, uchovu wa akili na uzoefu mdogo wa askari, pamoja na kizuizi kisichokuwa na alama za kutosha. (Sehemu zilizofutwa kwa wino mweusi katika ripoti ya Wamarekani zilisomeka upya mara tu wasomaji walipoyanakili maandishi hayo kwenye kompyuta. Siri ilidumu saa chache.)

Askari mmoja alishitakiwa mjini Roma bila yeye kuwapo. Oktoba 2007 mahakama iliamua kwamba haikuwa na mamlaka ya kumhukumu, na mwaka 2008 mahakama ya juu ya rufani ikaukubali uamuzi huo. Kwa hiyo ushahidi wa mwendo, taa na onyo haukuwahi kupimwa mbele ya hakimu.

Pengo hilo ndilo linaloipa filamu uzito, na pia hatari yake: mtazamaji anaweza kudhani kuwa ameonyeshwa hukumu. Mjane wake, Rosa, aliingia katika Seneti ya Italia mwaka 2006.