Barza: safari ndefu kutoka pwani hadi Masisi

Ukipita Masisi-kati, Kitchanga au Walikale, huko Kivu Kaskazini nchini Kongo, saa za alasiri, watu utawakuta nje ya nyumba lakini chini ya paa. Wako barzani. Fundi cherehani ameiweka mashine yake penye mwanga, mama anachambua maharage, vijana wanacheza dama. Mvua ikianza, hakuna anayenyanyuka. Sehemu hiyo haina mlango wala kitanda, lakini hakuna chumba cha ndani kinachofanya kazi nyingi kuishinda.

Asili yake si Kivu. Katika miji ya mawe ya pwani, Lamu na Unguja, baraza ni benchi la mawe na chokaa lililoshikana na ukuta wa mbele. Hapo mwenye nyumba hupokea wageni wanaume bila kuwaingiza ndani kwa wanawake. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliibeba desturi hiyo hadi Maniema, mashariki mwa Kongo. Mfanyabiashara Tippu Tip na wenzake waliitawala miji ya Kasongo na Nyangwe, na kutoka huko Kiswahili kilipenya msituni pamoja na namna ya kujenga: nyumba ya udongo yenye pembe nne, paa limetokeza mbele, watu wamekaa chini yake. Nyangwe ilianguka mikononi mwa jeshi la Leopold, mfalme wa Wabelgiji, Machi 1893, Kasongo mwezi uliofuata. Washindi waliwafukuza wenye baraza, baraza lenyewe wakabaki nalo. Katika Kifaransa cha Wabelgiji wa Kongo likawa "barza".

Hapo ndipo lilipoharibiwa maana. Kamati ya Taifa ya Kivu iliundwa mwaka 1928, walowezi wakapewa ardhi, na vilima vya Masisi vikajaa ng'ombe, kahawa na pareto. Kwenye barza ya mlowezi bwana alikaa na kikombe chake, kibarua akapokea amri akiwa amesimama, kofia mkononi. Mahali pa kumkaribisha mgeni pakageuka mpaka ambao Mwafrika hakuuvuka. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sura ya aibu kuliko zote katika historia hii.

Lakini wenyeji hawakuhitaji kufundishwa kukaa pamoja. Vijiji vya Wanyanga, huko Walikale, vilikuwa na banda la wanaume ambamo wazee waliota moto, wakasikiliza mashauri na kumpokea mpita njia. Masimulizi nayo yalikuwa na wasikilizaji wake: mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo, shujaa wa Wanyanga, kwa siku kumi na mbili, kijiji kikihudhuria. Nionavyo, barza ililichukua lile banda la kijiji kizima ikalisogeza hadi mlangoni mwa kila mtu.

Ndiyo maana jina hilo lilitafutwa mambo yalipoharibika. Machi 1993 mauaji ya kikabila yalianza sokoni Ntoto, Walikale, yakasambaa hadi Masisi. Mwaka 1998 wawakilishi wa jamii nane za Kivu Kaskazini, yaani Wahunde, Wahutu, Wakano, Wakumu, Wanande, Wanyanga, Watembo na Watutsi, walikutana katika chombo kilichoitwa Barza ya Jamii Mbalimbali, kusuluhisha zaidi ugomvi wa ardhi. Kilisaidia kwa muda. Siasa za ubaguzi zilipozidi nguvu, viongozi waliacha kukaa benchi moja, na mwaka 2005 kikavunjika.

Mwaka 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-kati mwezi Januari na Walikale mwezi Machi, na familia nyingi zikakimbia. Wanaorudi watajenga upya, na viwanja ni vidogo. Kishawishi ni kugeuza kila futi kuwa chumba na kuzungushia ukuta. Tafadhali msifanye hivyo. Acheni walau mita mbili mbele. Sakafu iinuke juu ya matope, paa litokeze vya kutosha, benchi lishikane na ukuta. Masisi kuna baridi na ukungu, kwa hiyo zibeni kwa mbao hadi kiunoni upande wa upepo na muweke babula ya makaa. Walikale kuna joto la msitu, kwa hiyo acheni wazi pande zote zisizo na ukuta wa nyumba. Fundi akisema mnapoteza chumba, msimsikilize.