Yai lisipotoka, tusimsingizie jini

Mwaka wa tano wa ndoa, mdogo wangu alikuwa keshanyweshwa kombe mara tatu, akiambiwa ana jini mahaba. Kwa idhini yake naeleza tuliyoyajua kwa daktari wa kina mama, Upper Hill, Nairobi.

Kila mwezi tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni ya kukuza yai ndani ya ovari. Likipevuka, homoni ya pili hupanda ghafla, na baada ya saa 24 hadi 36 yai huchomoka na kuingia mrijani. Huishi siku moja tu. Mbegu za mume huweza kulisubiri hadi siku 5. Lisipotungwa, hedhi huja kama siku 14 baadaye.

Yai huweza kukosa kutoka homoni zikivurugika, tezi ya shingo ikiugua, au mwili ukinenepa au kukonda kupita kiasi. Hedhi huweza kuja hata bila yai kutoka; kipimo cha damu, wiki moja kabla yake, husaidia kubainisha.

Mdogo wangu alikutwa na ovari zenye vifuko vingi. Akapewa vidonge vya kuamsha yai. Mumewe naye akapimwa. Dua tusiiache, lakini kutafuta tiba nako ni Sunna.