Kipara cha tairi

Kipara kilianza kichwani, kikahamia garini. Tairi "lenye kipara" ni lile ambalo mifereji yake imelika, hivyo mvua ikinyesha maji hayana pa kupenyea na gari huteleza juu yake. Neno hili linaonya vizuri kuliko "kuukuu" au "limeisha", kwa sababu tairi la juzi tu huweza kupata kipara, na tairi la miaka mingi likabaki na mifereji yake.

Lakini mkazi wa Kizingo, Mombasa, anayetafutia pikapu yake tairi asitazame kipara peke yake. Tairi lenye herufi A/T ubavuni ni la njia zote: mifereji mipana ya kushika kokoto na udongo, ila si mipana kama ya M/T, la matope. Upana huo una gharama. Tairi huvuma kwenye lami na gari hula mafuta zaidi. Anayezunguka barabara ya Mama Ngina na kuvuka kivuko cha Likoni tu hana haja na A/T; H/T, la barabara kuu, linamtosha. Anayeingia mbuga za Shimba Hills au Tsavo kila mara anahitaji A/T kwelikweli.

Ubavuni pia pameandikwa 265/65R17, kwa mfano: upana wa milimita 265, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT hueleza umri: 2319 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata dukani, bila kipara chochote.