Kushindika, Kukeneka na Kuzimua: Historia ya Mafuta ya Mimea na Istilahi Zake

Neno mafuta limebebeshwa mzigo mkubwa katika lugha yetu. Husemwa mafuta ya nazi, mafuta ya taa, mafuta ya mawese na mafuta ya karafuu, na msikilizaji huelewa kwa sababu mazingira ya mazungumzo humsaidia. Lakini mfasiri wa kijitabu cha dawa, mwalimu wa kemia na mtumishi anayeandika masharti ya biashara hawana msaada huo. Maandishi yao husomwa na mtu asiyeweza kuwauliza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kilikwisha kuzitenga kazi za kupata mafuta tangu zamani, na kwamba matatizo ya istilahi tuliyonayo leo yametokana na kuisahau historia hiyo.

Kazi ya kwanza ni kushindika. Kamusi za zamani zinalo neno hili kwa maana ya kubana mbegu au miwa ili itoe mafuta au maji yake, na kinu cha kushindikia kilikuwa chombo kinachojulikana sana katika miji ya pwani. Mjini Unguja na Lamu ufuta ulishindikwa kwa kinu kikubwa kilichozungushwa na ngamia. Mchi mzito ulizisaga mbegu dhidi ya ukuta wa kinu, mafuta yakachuruzika, na yakabaki mashudu ya kulishia mifugo. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ya ufuta ni mafuta, na ndiyo maana katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Kifaransa waliinunua katika pwani yetu kwa ajili ya viwanda vya Marseille. Mafuta ya namna hii watu wa pwani waliyaita pia uto.

Nazi ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuikausha iwe mbata na kuishindika. Ya pili, ambayo ni ya jikoni, ni kuikuna, kuikamua tui, na kulichemsha tui hilo mpaka maji yaishe na mafuta yaelee. Kwa hiyo kukamua na kushindika si kitu kimoja. Hukamuliwa kwa mkono au kwa kitambaa kitu chenye majimaji; hushindikwa kwa chombo kizito kitu kilicho kikavu. Mwandishi asemaye kwamba mafuta ya ufuta “yamekamuliwa” hakosei sana, ila amelipoteza neno lenye maana iliyo wazi zaidi.

Kazi nyingine ni kukeneka, yaani kugeuza kiowevu kuwa mvuke na kuupoza mvuke huo uwe kiowevu tena. Walimu wazingatie kwamba, ijapokuwa umbo la neno hili linafanana na kauli ya kutendeka, lenyewe ni kitenzi elekezi: mtu hukeneka maji, nayo maji hukenekwa. Ufundi huu ni wa kale. Mwanafalsafa al-Kindi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, hunasibishiwa kitabu cha kemia ya manukato na ukenekaji. Huko Oman, katika milima ya Jabal Akhdar, maua ya waridi huwekwa katika chungu juu ya jiko la udongo. Chungu hicho hufunikwa kwa bakuli la maji baridi, na mvuke unapoligusa bakuli hugeuka matone yanayodondokea katika chombo kilichowekwa ndani.

Maji hayo ya waridi yalifika kwetu kwa majahazi pamoja na jina lake, marashi. Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kunyunyiza, na humo ndimo lilimotoka pia jina la chombo chake, mrashi. Tulipokea basi jina la matumizi, si jina la ufundi. Mafuta yenyewe ya waridi, ambayo ni haba mno, yaliitwa halwaridi. Huhitajiwa maelfu ya kilo za maua ili kupata kilo 1 tu ya mafuta hayo. Kwa hiyo wazee wetu walitofautisha marashi, ambayo ni maji yenye harufu, na halwaridi, ambayo ni mafuta. Tofauti hiyo siku hizi hufutwa mara kwa mara katika tafsiri.

Wala haifai kudhani kwamba ukenekaji ulikuwa jambo geni kwa watu wa bara. Pombe kali inayopikwa kwa pipa na bomba lililopitishwa katika maji huitwa pombe ya moshi. Neno moshi hapa lina maana ya mvuke, kama lilivyo katika gari la moshi, merikebu ya moshi na kinu cha moshi. Dhana ilikuwapo, kilichobadilika ni kwamba lugha ya sayansi imelichagua neno mvuke, na kuliachia moshi maana ya kinachotoka motoni.

Mfano ulio bora zaidi katika nchi zetu ni karafuu. Mkarafuu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangamiza mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikashika nafasi ya kwanza. Karafuu yenyewe huuzwa kavu, lakini vikonyo vyake, ambavyo Wapemba huviita makonyo, hupelekwa kiwandani kukenekwa. Kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, hufanya kazi hiyo. Mvuke hupitishwa katikati ya makonyo, ukachukua mafuta, ukapozwa katika mabomba yaliyozungukwa na maji. Kilo 100 za makonyo hutoa takriban kilo 5 au 6 za mafuta. Sehemu yake kubwa ni eujenoli, ambayo peke yake huchemka katika nyuzi 254 za Selsiasi. Lakini ikichanganyika na mvuke wa maji hupaa kabla ya nyuzi 100, kwa sababu kani za mvuke wa viowevu viwili visivyochanganyika hujumlishwa. Ndiyo maana mafuta hutoka bila kuungua.

Sasa tuitazame istilahi. Katika tafsiri kadhaa za siku hizi mafuta ya aina hii yameitwa “mafuta muhimu”. Kosa hili lina historia yake. Wataalamu wa Ulaya, na hasa Paracelsus aliyefariki mwaka 1541, waliamini kwamba katika kila kitu kimo kiini cha tano, kipitacho ardhi, maji, hewa na moto, na kwamba ukenekaji hukitoa kiini hicho. Jina la Kizungu la mafuta hayo lilizaliwa na neno la Kilatini lenye maana ya kiini. Baadaye neno hilo lilipata pia maana ya “-a lazima”, na mfasiri akaichukua maana hiyo ya pili.

Madhara yake si ya kisarufi tu. Mzazi anaposoma kwamba mafuta ya karafuu ni “mafuta muhimu” anaweza kudhani kwamba mwili unayahitaji, kama chakula. Ukweli ni kinyume. Yakiwa hayajapunguzwa ukali huunguza ngozi na ufizi, na watoto waliowahi kuyanywa wamepatwa na madhara ya ini.

Tunapendekeza mafuta hayo yaitwe mafuta vukizi. Jina hili halitegemei njia ya kuyapata, maana mafuta ya ganda la chungwa ni ya aina hiyo hiyo ingawa hushindikwa. Linategemea tabia yake: hutoweka hewani. Mwalimu anaweza kuithibitisha darasani kwa kudondosha tone moja la mafuta ya ganda la chungwa na tone moja la mafuta ya nazi juu ya karatasi. La kwanza halitaacha doa, au litaacha alama hafifu. La pili litaacha doa lisilokauka. Mafuta ya aina hiyo ya pili yaitwe uto: uto wa nazi, uto wa ufuta, uto wa mbarika.

Na uto unaotumiwa kupunguzia ukali wa mafuta vukizi kabla ya kupakwa, kwa kawaida sehemu 1 hadi 3 katika 100, uitwe uto wa kuzimulia. Wengine wamependekeza “mafuta ya kubebea”, lakini kuzimua ni neno letu, na linamwambia msomaji la kufanya. Wanawake wa pwani waliotia asumini katika mafuta ya nazi walitambua kwamba uto hupokea harufu na kuihifadhi. Istilahi hii inaongeza onyo kuhusu ukali.

Tunawaalika wafasiri, walimu na watumishi wa idara za afya na biashara watuletee maoni yao, hasa wenye maneno ya lahaja za Pemba, Mvita na Lamu ambayo hayajaingia katika kamusi.