Uratibu wa Huduma za Afya ya Akili na Uraibu katika Jamii, Kakamega

Uratibu wa huduma za afya ya akili na uraibu katika jamii ni utaratibu unaounganisha familia, zahanati, hospitali ya rufaa, utawala wa mitaa na taasisi za dini, ili mtu mwenye maradhi ya akili, au aliyezama katika ulevi hata hawezi kujinasua kwa hiari, atunzwe anakoishi bila kukatikiwa na dawa wala uangalizi. Katika Kaunti ya Kakamega, iliyokuwa na watu 1,867,579 kwa mujibu wa sensa ya 2019, suala hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa maradhi hayo mawili aghalabu humpata mtu mmoja ilhali ofisi zinazoyashughulikia ni tofauti.

Tatizo hilo halikuletwa na sheria. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilimhesabu kuwa mgonjwa hata yule ambaye akili yake imedhoofishwa na pombe au dawa za kulevya, na marekebisho ya 2022 yakazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo karibu na wananchi. Hata hivyo, NACADA, yaani mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya iliyoundwa kwa sheria ya 2012, iko chini ya wizara ya usalama wa ndani, wakati wodi za wagonjwa wa akili ziko mikononi mwa idara za afya. Hivyo mlevi anayesikia sauti zisizokuwepo huweza kuzungushwa baina ya milango miwili, kila mmoja ukimwona kuwa wa mwenzake.

Utafiti wa NACADA wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 23.8 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 65 katika eneo la Magharibi walikuwa wakitumia pombe, ikilinganishwa na asilimia 12.2 nchini kote. Busaa, pombe ya kienyeji, hupikwa kwa unga wa mahindi na kimea cha wimbi. Chang'aa, ambayo ni kali zaidi, hupatikana kwa kuchemsha mchanganyiko uliochachuka, mara nyingi wenye sukari guru, na kuukusanya mvuke wake. Mpishi wa pombe mara nyingi ni mama anayetafuta karo ya watoto, na kwa sababu hiyo msako wa chifu humwaga pombe bila kuondoa haja iliyoipika, na mgonjwa aliyetibiwa hurudi kuikuta kwa jirani.

Kiungo cha kwanza cha uratibu ni mhamasishaji wa afya ya jamii, ambaye huhudumia takriban nyumba 100 na ambaye, tangu Septemba 2023, amepewa vifaa vya kazi katika mpango wa taifa zima. Anapomtuma mgonjwa kituoni hujaza fomu ya rufaa iitwayo MOH 100, yenye sehemu ya pili inayopaswa kujazwa na mhudumu wa kituo na kurudishwa kijijini. Sehemu hiyo isiporudi, mhamasishaji hajui kwamba mgonjwa, kwa mfano, amedungwa fluphenazine, dawa ya sindano ambayo nguvu yake hudumu wiki kadhaa, wala hajui ni tarehe gani anatakiwa kudungwa tena. Na tarehe hiyo ikipita, dalili hurejea polepole, nyumbani wakidhani ni ukaidi au ni kurogwa.

Hatari kubwa zaidi, na isiyosemwa vya kutosha, ni ya kuacha pombe ghafla. Aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi, akifungiwa katika selo au akipelekwa kwenye maombi ya kufunga, huweza ndani ya siku mbili tatu kutetemeka, kupata degedege na kuweweseka, na asipotibiwa huweza kufa. Mchungaji na liguru, yaani mzee wa kijiji, hawahitaji kuacha kazi yao, ila wanahitaji kujua dalili hizi na mahali pa kumkimbiza mtu. Katika Kaunti ya Makueni, taasisi ya utafiti inayoongozwa na Profesa David Ndetei iliwafunza waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kuwatambua wagonjwa na kuwapeleka vituoni, na hakuna sababu ya maana ya Kakamega kutofuata njia hiyo.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka zahanati, hospitali za kaunti, utoaji wa leseni za pombe na udhibiti wa dawa za kulevya katika serikali moja, yaani ya kaunti. Kwa hiyo uratibu huu hauhitaji mamlaka mpya. Unahitaji idara ya leseni na idara ya afya zikae meza moja.