Chombo cha Moto Kisicho na Moto: Siasa, Tekinolojia na Majina ya Magari

Utangulizi

Katika kazi ya kuunda na kusanifu istilahi, mara nyingi tumezoea kufikiri kwamba kitu hutangulia na jina hufuata. Fundi hubuni mashine, mfanyabiashara huileta sokoni, kisha mtaalamu wa lugha huitwa aipatie jina linalofaa. Historia ya magari inaonyesha kuwa mambo hayaendi hivyo siku zote. Mara kadhaa jina lililoandikwa katika sheria ndilo lililoamua gari la namna gani litengenezwe, nani aruhusiwe kuliuza, na mnunuzi alipe ushuru kiasi gani. Makala haya yanakusudia kueleza historia hiyo kwa kifupi, na kuonyesha kwa nini inawahusu wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaotumia Kiswahili wakati huu ambapo gari la umeme linaingia katika barabara zetu.

Tuanze na istilahi tuliyo nayo sisi wenyewe. Katika matangazo ya polisi, katika nyaraka za mamlaka za mapato na katika magazeti, magari, pikipiki na bajaji huitwa kwa pamoja vyombo vya moto. Istilahi hii ni fupi, inaeleweka na kila mtu, na imetutumikia vizuri. Lakini gari la umeme halina moto wa kuchoma petroli wala dizeli. Je, nalo ni chombo cha moto? Mtu wa barabarani atajibu mara moja kwamba ndiyo. Mwanasheria, hata hivyo, hawezi kujibu kwa haraka namna hiyo, maana yeye husoma maneno jinsi yalivyoandikwa.

Uingereza: jina lililolifungia gari na jina lililolifungulia

Mwaka 1865 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyohusu mashine zilizojiendesha barabarani kwa nguvu ya mvuke. Kila mashine ya namna hiyo ilitakiwa iwe na watu wasiopungua watatu wa kuihudumia, na mmoja wao atembee kwa miguu yadi 60 mbele yake akiwa ameshika bendera nyekundu. Mwendo uliwekewa mpaka wa maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 kwa saa mijini. Waliotunga sheria hiyo walikuwa na mashine nzito akilini, zile za kukokota mizigo, zilizoharibu barabara na kuwashtua farasi.

Magari madogo ya petroli yalipoanza kutengenezwa Ujerumani na Ufaransa katika miaka ya 1880 na 1890, Waingereza walijikuta katika hali ya ajabu. Sheria yao haikuwa na jina la kitu hicho kipya. Kwa kuwa kilijiendesha chenyewe barabarani, kilihesabiwa kuwa ni mashine ya kukokota, na masharti ya mashine za kukokota yakakiangukia. Hata sharti la bendera lilipolegezwa mwaka 1878, wajibu wa mtu kutembea mbele ulibaki.

Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1896, nao ulikuwa wa kiistilahi. Bunge liliunda aina mpya ya mashine nyepesi za barabarani, yaani zile zenye uzito usiofikia tani 3, na kuziondoa katika masharti ya zamani. Hapakuwa na uvumbuzi wowote wa kiufundi uliofanyika siku ile. Kilichobadilika ni mpaka kati ya jina moja na jingine, na mpaka huo ukaifungulia njia biashara ya magari nchini humo.

Marekani: lori ni nini?

Mfano wa pili ni wa Marekani. Katika mwanzo wa miaka ya 1960 nchi za Ulaya Magharibi ziliongeza ushuru juu ya kuku waliotoka Marekani. Marekani ililipiza kisasi kwa kutoza asilimia 25 juu ya bidhaa chache kutoka nje, miongoni mwao malori madogo, kuanzia mwaka 1964. Ugomvi wa kuku ulisahauliwa, lakini ushuru wa malori ulibaki. Kwa miaka mingi magari ya abiria yalitozwa asilimia 2.5 tu. Kwa hiyo swali la kama gari fulani ni lori au ni gari la abiria likawa swali la fedha nyingi.

Kampuni ya Ford ilipoleta Marekani magari ya mizigo yaliyotengenezwa Uturuki, iliyaingiza yakiwa na viti vya nyuma na madirisha ili yahesabiwe kuwa ni ya abiria. Baada ya kuvuka forodha, viti viling'olewa. Idara ya forodha ilipinga, kesi ikafika mahakamani, na mwaka 2024 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 365 kumaliza shauri. Mzozo huo wote ulikuwa juu ya maana ya neno moja.

Kuna jambo kubwa zaidi. Baada ya msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973, Marekani ilipitisha sheria mwaka 1975 ya kuwataka watengenezaji wapunguze matumizi ya petroli. Sheria hiyo iliyatenganisha magari ya abiria na malori madogo, na malori yakapewa masharti mepesi zaidi, kwa kuwa yalifikiriwa kuwa ni vyombo vya kazi vya wakulima na mafundi. Viwanda viliona upenyo huo. Vikatengeneza magari marefu na mazito ya familia ambayo kisheria yaliingia katika fungu la malori. Leo magari yanayohesabiwa hivyo huuzwa Marekani kwa wingi kuliko magari madogo ya kawaida. Hapana budi kukiri kwamba watu waliyapenda. Lakini fasili iliyokuwa katika sheria ndiyo iliyoyafanya yawe na faida kubwa kuyatengeneza.

California na China: kulipa jina gari la kesho

Mwaka 1990 jimbo la California, lililosumbuliwa sana na hewa chafu, lilitumia istilahi kwa namna nyingine. Lilitaja katika kanuni zake gari lisilotoa moshi kabisa, na kuwataka watengenezaji wakubwa wahakikishe kwamba asilimia 2 ya magari yao mwaka 1998 ni ya aina hiyo, na asilimia 10 mwaka 2003. Wakati huo gari la namna hiyo halikuwapo sokoni. Jina lilitangulia, kitu kikafuata. General Motors walitoa gari lao la umeme mwaka 1996, lakini betri zilikuwa nzito na safari yake ilikuwa fupi. Masharti yalilegezwa, na magari yale, ambayo yalikuwa yamekodishwa tu, yalirudishwa na mengi yakapondwapondwa.

Kilichokosekana kilikuwa betri iliyo bora. Betri ya lithi, iliyoanza kuuzwa na Sony mwaka 1991 kwa ajili ya vyombo vidogo, ndiyo iliyokuja kubadilisha mambo. Serikali ya China ililiona hilo mapema. Waziri wake wa sayansi na tekinolojia kuanzia 2007 hadi 2018, Wan Gang, alikuwa mhandisi aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Audi, Ujerumani. Uchina iliona kuwa katika injini za petroli isingewafikia Wajapani na Wajerumani kwa urahisi, bali katika magari ya umeme wote wangeanzia karibu mahali pamoja.

Mpango wa China wa mwaka 2012 unastahili kusomwa na kila mtunga istilahi. Ulifasili magari ya nishati mpya kuwa ni ya aina tatu: yanayotumia betri peke yake, ya mseto yanayoweza kuchajiwa kutoka nje, na yanayotumia haidrojeni. Magari ya mseto ya kawaida, yasiyochomekwa kwenye umeme, yaliwekwa katika fungu jingine, yaani la magari yanayookoa nishati. Hayo ndiyo magari ambayo Wajapani walikuwa mabingwa wake tangu Toyota ilipotoa Prius mwaka 1997. Kwa mstari mmoja wa fasili, ruzuku ikaelekezwa kwingine. Ruzuku ya taifa ilikoma mwishoni mwa 2022, lakini mwaka 2023 China iliipita Japani katika kuuza magari nchi za nje, na mwaka 2024 magari ya nishati mpya yalikaribia nusu ya magari mapya ya abiria yaliyouzwa nchini humo.

Siasa haijatua. Mwaka 2024 Marekani ilipandisha ushuru wa magari ya umeme kutoka China hadi asilimia 100, na Umoja wa Ulaya ukaweka ushuru wake wa ziada. Mwaka 2023 Umoja huo ulipitisha sheria kwamba magari mapya kuanzia 2035 yasitoe kabisa hewa ya kaboni. Ujerumani ikadai kwanza nafasi ya mafuta yanayotengenezwa kwa umeme, na mwezi Desemba 2025 Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza sharti hilo lilegezwe. Marekani nayo, mwaka 2025, iliifuta ruhusa iliyoiwezesha California kuweka sharti kama hilo.

Jambo hili linatuhusu vipi?

Msomaji anaweza kudhani kuwa hayo ni ya wakubwa. Sivyo. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, hasa katika nchi ya Kolwezi na Likasi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya migodini na sokoni. Mwezi Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ili kuinua bei, na baadaye mwaka huo ikaweka mgawo. Lakini wakati huohuo viwanda vya China vimeendelea kutumia kwa wingi betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata chembe. Mchimbaji anayesikia neno betri bila kuelezwa ni betri ya aina gani hawezi kujua kama tangazo analolisikia ni la neema au la hasara kwake.

Kwetu Tanzania, ushuru wa bidhaa wa magari umekuwa ukipangwa kwa ujazo wa injini. Gari la umeme halina ujazo huo. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa, na mahali pake ukaongezwa ushuru katika bei ya mafuta. Utaratibu huo ulikuwa mwepesi na wa haki kwa wakati wake, kwani aliyetembea sana alilipa sana. Lakini gari lisilonunua mafuta hutumia barabara ileile bila kuchangia kwa njia hiyo. Tozo inayoitwa ya mafuta, ingawa shabaha yake ni barabara, itahitaji siku moja jina litakaloitaja shabaha yenyewe. Ethiopia ilizuia mwaka 2024 kuingizwa kwa magari ya petroli na dizeli. Majirani zake hawatakwepa kujiuliza maswali kama haya.

Mapendekezo

Kiswahili si lugha maskini katika uwanja huu. Wazee wetu walichukua gari kutoka Bara Hindi, wakalipa usukani ambao ulikuwa wa jahazi, na wakakopa injini, breki na gia bila kuona haya. Kwa moyo huohuo, yafuatayo yatazamwe na wanaohusika:

(a) Istilahi ya vyombo vya moto iendelee kutumika, kwa kuwa umma umeizoea, lakini kila sheria na kanuni iifasili kwa kutaja kwamba inahusu chombo kinachoendeshwa kwa nguvu ya mashine, iwe ya mafuta au ya umeme.

(b) Neno injini libakie kwa mashine inayochoma mafuta, na neno mota litumike kwa mashine ya umeme. Mafundi wengi wamekwisha kutofautisha hivyo. Mfasiri asiyatumie kama visawe.

(c) Itofautishwe kati ya gari la betri, gari mseto, na gari mseto la kuchaji. Kuyaita yote matatu magari ya umeme ni kumpa mwagizaji nafasi ya kudai nafuu ambayo haikukusudiwa yeye.

(d) Maneno ya sifa kama gari safi au gari la kijani yaachwe kwa watangazaji wa biashara. Katika maandishi ya serikali tuseme gari lisilotoa moshi, kwa maana hilo laweza kupimwa.

(e) Neno dereva liangaliwe mapema. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2024 kuhusu magari yanayojiendesha imeunda cheo kipya cha mtu aliyemo garini asiyeendesha lakini anayebaki na baadhi ya wajibu. Twaweza kumwita msimamizi wa gari. Tukimwita dereva, tutamtwisha makosa ambayo si yake.

Hitimisho

Tumeona kuwa Uingereza ilichelewa kwa kukosa jina, Marekani ikapata magari isiyoyatarajia kwa sababu ya jina legelege, na China ikasonga mbele kwa jina lililofasiliwa kwa shabaha. Katika nchi hizo zote walioandika fasili walikuwa maofisa wa kawaida waliokaa mezani na kuchagua maneno. Kazi hiyo ndiyo kazi yetu. Sheria zetu nyingi zinahamishwa sasa kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, na kila mfasiri anayekutana na neno la gari katika ibara fulani hana budi kujiuliza kabla ya kuandika: ni gari lipi linaloingia katika neno hili, na ni lipi linalobaki nje?